Koili ya bomba la mikunjo ndani ya tangi: dhana potofu na ukweli

Mafundi wa Kigoma wanaofunga matangi ya maji moto ya jua katika nyumba za wageni huulizana kwanza koili, yaani bomba lililozungushwa ndani ya tangi ili maji moto yanayopita ndani yake yapashe maji ya tangi, iwe ya mita ngapi, na hesabu nyingi huharibika hapo hapo kwa imani kwamba shaba nyekundu ndiyo pekee inayofaa, kwa kuwa chuma kisichoshika kutu hupitisha joto kidogo mno. Ni kweli kwamba shaba hupitisha takribani wati 390 kwa mita kwa digrii, na chuma hicho kama 16 tu. Hata hivyo, ukuta wa bomba la mikunjo, yaani lenye ukuta wa mawimbi badala ya kuwa laini, ukiwa na unene wa milimita 0.3, kizuizi chake kwa kila mita ya mraba ni kama digrii 0.00002 kwa wati, ilhali maji ya tangi yanayoizunguka koili, ambayo husogea polepole kwa kupashwa joto tu, huweka kizuizi cha karibu 0.002, yaani mara mia zaidi. Makadirio yaanzie kwenye maji ya nje, si kwenye aina ya chuma. Hata utando wa chokaa wa milimita 1 huzuia joto kuliko ukuta wenyewe.

Wengine hudhani kwamba mikunjo ikiongeza eneo kwa nusu, joto nalo litaongezeka kwa nusu. Maji hukwama katika mabonde ya mikunjo, hivyo sehemu ya eneo hilo haifanyi kazi kikamilifu. Ni salama zaidi kukadiria kwa bomba laini la kipenyo kilekile cha nje, na ziada yoyote ihesabiwe kuwa akiba.

Kuongeza kasi ya pampu nako hakusaidii sana, kwa sababu kizuizi kikubwa kiko nje. Mkondo ukizidishwa mara mbili, upotevu wa shinikizo hukaribia mara nne.

Kosa linalogharimu zaidi ni kutoa joto la tangi katika joto la maji yanayoingia, kisha kuitumia tofauti hiyo kwa koili nzima. Tuseme maji yanaingia na digrii 70, yanatoka na 55, na tangi lina 40. Tofauti ni 30 mwanzoni na 15 mwishoni, na wastani wake sahihi, ule wa kilogarithimu (30 toa 15, kisha gawanya kwa logi asilia ya 30/15), ni 21.6. Koili ya mita 10 yenye kipenyo cha milimita 25 ina eneo la mita za mraba 0.785; tukikadiria kwamba joto linalopita ni wati 400 kwa kila mita ya mraba kwa digrii, tunapata kama kilowati 6.8. Tangi likifika digrii 60, huku maji yakiendelea kuingia na 70 kwa mkondo uleule, koili hiyo hiyo itatoa kama theluthi moja tu, bila kuwa na hitilafu yoyote.

Wapo pia wanaoamini kwamba bila jedwali la kiwanda la uwezo wa koili hakuna cha kufanya. Kipimajoto na saa vinatosha: koroga maji kabla ya kila kipimo, na lita 200 zikipanda digrii 10 kwa saa moja, tangi limepokea wastani wa kilowati 2.3.