Kale kangozi ka kichwa ya fimbo ya biyari: imidite (unyevu wa hewa) inakafanya nini

Ingia nganda (bar) yoyote yenye biyari hapa Lubumbashi, ikuwe komini ya Kenya ao ya Katuba, mwezi wa 1 utasikia mtu analalamika "hii fimbo imekufa, haina nguvu". Rudi mwezi wa 7, fimbo ni ile ile, sasa wanasema "inateleza". Kenye kimebadilika ni kale kangozi ka kichwani, Wafaransa wanakaita prosede, sisi wengi tunasema ngozi tu. Ni kadogo, kama milimita 13 hivi kwa biyari ya mashimo, na njo sehemu moja tu ya fimbo yenye inapashwa kugusa mpira.

Shida ni hapo kwenye jina. Ni ngozi ya kweli, ya ng'ombe ao ya nguruwe. Zamani fimbo ilikuwa mti mtupu, ukijaribu kupiga mpira pembeni kidogo inateleza, mpaka mwanzo wa karne ya 19 pale Mfaransa mmoja François Mingaud, njo yeye anahesabiwa kama mwenye kuleta ngozi, akaweka kichwani na mpira ukaanza kuzunguka vile mtu anataka. Lakini ngozi hata kama mnyama alikufa siku mingi nyuzi zake bado zinakunywa maji ya hewa na kuyarudisha, mchana na usiku, hata kama fimbo imelala kwa mfuko na hakuna mtu anaigusa.

Sasa imidite yenyewe, ao unyevu, ni nini. Hewa inabeba maji yenye hatuone. Hewa ya digrii 20 inaweza kubeba karibu gramu 17 kwa kila metre kibu, ya digrii 30 inafika karibu 30, juu hewa ya moto inabeba mingi kuliko ya baridi. Wakisema imidite ni 50 kwa 100 maana yake hewa imebeba nusu ya kile inaweza. Ukitaka kuona bila mashine, toa chupa ya baridi kwa frigo uiweke kwa meza: mwezi wa 2 hapa Lubumbashi inatoa jasho mpaka maji inachora duara kwa meza, mwezi wa 8 inakauka mbele hujamaliza glasi ya kwanza. Chupa ile ile, frigo ile ile. Ile jasho haitoke ndani ya chupa (kuna mwenye tulibishana naye kabisa juu ya hiyo), inatoka kwa hewa, na ni hiyo hewa njo kangozi kanakunywa.

Mvua ikiwa mingi, kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3, ngozi inavimba na kulegea. Ukipiga, inabonyea, sauti inakuwa ya chini kama unapiga godoro, na ukizidi kucheza hivyo inatandaza pembeni kama kichwa ya uyoga mpaka inapita virole, ile pete nyeupe ya chini yake. Kre, ile chaki ya kupakaa kwa ngozi, nayo inashika unyevu, inakuwa kama udongo, inabandika pahali pamoja na kuacha pengine bure.

Kiangazi ni kinyume. Maji inatoka kwa nyuzi, ngozi inakaza, juu yake inaanza kung'aa kama kiatu imepigwa brosi, na kitu yenye inang'aa haishike kre. Hapo njo kuteleza kunatoka. Prosede za tabaka tabaka, zile za bei kali zenye wanabandika vipande vyembamba vya ngozi kimoja juu ya kingine, zinaweza hata kupasuka kati ya tabaka. Na watu wanafanya nini? Wanaramba. Nimeona mtu mzima anaramba kichwa ya fimbo ya nganda, yenye watu makumi wameshika, ili kre ishike. Wafundi wanatiaka mate kidogo, ni kweli, lakini ni kwa ubavu wa ngozi, kisha wanausugua na kipande ya ngozi ingine mpaka unakaza. Juu hawagusi. Juu inakwaruzwa na papiye vere (msasa) laini, basi.

Kwa mimi kile kinaharibu zaidi hata si maji yenyewe wala ukavu. Ni kwenda na kurudi. Mwaka moja niliacha fimbo yangu nyuma ya mlango mwezi wa 2, imeegemea ukuta wenye unatoa maji, ngozi ikavimba ikapita virole, na mimi na haraka yangu nikachukua wembe nikaikata ikawa sawa sawa na virole, safi, nikafurahi. Kufika mwezi wa 6 ngozi ilikauka ikarudi kwa kipimo yake, na sasa virole njo ilikuwa inatokeza pembeni, kidogo tu kama unene wa karatasi mbili, lakini ukipiga chini ya mpira unasikia "ta!" ya plastiki. Ilibidi nitoe yote niweke mpya. Mkubwa mmoja mwenye anarekebisha fimbo alinicheka, aliniambia ngozi yenye imevimba hauikate, unaiacha siku mbili tatu pahali pakavu ndani ya nyumba, ikishatulia njo unaangalia kama kuna kitu ya kukata.

Pahali pakavu si karibu na mbabula (jiko ya makala). Hii ninaisema juu baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 usiku inaweza kushuka chini ya digrii 10 na kila kitu ya nyumba inasogezwa karibu na makala, fimbo pia. Joto ya karibu inakausha upande moja haraka kuliko ingine, ngozi inapasuka na mti unapinda. Koferi (buti) ya gari ni mbaya vilevile, mchana tanuru, usiku inapoa na imidite inapanda hata kama hakuna tone la maji limeongezeka, juu hewa imepoa na haiwezi tena kubeba vile ilikuwa inabeba mchana.

Mimi sasa fimbo iko ndani ya mfuko wake, imelala juu ya kabati, haigusi ukuta wala simenti ya chini. Ngozi za akiba ziko kwa kichupa chenye kinafunga vizuri pamoja na kale kafuko ka silika, ka kukunywa unyevu, kenye wanaweka kwa karto ya viatu, usikatupe. Mvua ikianza ninakausha kale kafuko kwa jua, kiangazi ninakatoa kabisa juu ngozi haihitaji kukaushwa mara mbili. Wengine wanaweka mchele, sipendi, unaleta vumbi na wadudu.

Na gundi. Ile super glu inakamata kwa sababu ya unyevu wa hewa, si kwa kukauka kama rangi. Kwa hiyo wakati wa mvua unapashwa kupanga ngozi katikati haraka haraka juu ikigusa imeshika, na tube yenye umefungua ikibaki wazi inakuwa jiwe. Kiangazi unangoja, unashikilia, unangoja tena, mwisho unafikiri umeuziwa ya bandia. Pumua mara moja juu ya virole, kama mtu anapanguza lineti (miwani), tia tone moja kwa ngozi, kisha bandika.