Kipimo cha mate kwa saratani: yanayosemwa Tabora na ukweli wake

"Siku hizi saratani inapimwa kwa kijiti cha mdomoni kama VVU." Wengi tumezoea kile kijiti cha kupitisha kwenye fizi, kwa hiyo dhana hii inaeleweka, ila si kweli. Kijiti cha VVU kinatafuta kitu kimoja tu, kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi hivyo. Saratani haina alama moja ya namna hiyo.

"Mate ni maji tu, yataonyesha nini?" Ni kweli, karibu asilimia 99 ni maji. Ila tezi za mate zimezungukwa na mishipa midogo ya damu, na baadhi ya vilivyomo kwenye damu hupenya hadi kwenye mate. Uvimbe ulio kinywani ndio kabisa, hudondosha seli na vinasaba vyake humohumo. Mwaka 2004 David Wong na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba mate ya wagonjwa wa saratani ya kinywa yana RNA (nakala za vinasaba ambazo seli hutumia kutengeneza protini) za aina fulani, ikiwemo ya interlukini-8, protini ambayo mwili huitoa unapopambana na maambukizi au jeraha, kwa wingi kuliko mate ya wasio wagonjwa.

"Basi mate yakisema ipo, ipo." Taratibu. Interlukini-8 hupanda hata kwa mtu mwenye fizi zinazovimba na kutoka damu, na fizi za hivyo tunazo wengi. Mate yanaweza kutia shaka, lakini uhakika hutoka kwenye kinyama kilichokatwa kwenye kidonda na kusomwa kwa darubini.

"Saratani inaambukiza kwa mate." Haiambukizi. Kumtengea mgonjwa kikombe na sahani yake ni kumuumiza bure.

"Ugoro hauna moshi, hauna shida." Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeshaiweka tumbaku isiyo na moshi, kama ugoro, kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Sisi wa mkoa wa tumbaku, Urambo, Kaliua, Sikonge, hili linatuhusu moja kwa moja.

"Ukikatwa kinyama, saratani inasambaa." Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Mtu ana kidonda pembeni mwa ulimi, anasukutua maji ya chumvi mwezi baada ya mwezi kwa kuogopa kisu, na sasa ameongeza sababu nyingine: anasubiri kipimo cha mate. Kinachoipa saratani ya kinywa nafasi ya kuhamia kwenye matezi ya shingo ni huko kuchelewa. Kinyama chenyewe ni kidogo sana, unachomwa sindano ya ganzi, na kwa kawaida ni kazi ya dakika chache.

Kidonda kikipita wiki tatu bila kupona, au ukiona doa jeupe au jekundu lisilofutika, nenda kitengo cha kinywa na meno, kama pale hospitali ya Kitete. Kama unaweka ugoro, taja bila kuulizwa, na uonyeshe ni upande gani wa mdomo unauweka.