Michirizi na Makunyanzi kwa Ngozi ya Pwani: Kinachotibika na Kisichotibika

Michirizi ya tumboni, mapajani na kwenye matiti ni kovu lililo ndani ya ngozi, wala si doa lililokaa juu yake. Ninaanza na jambo hili kwa sababu wengi wanaokuja kuniona hapa Malindi wamekwisha kutumia muda mrefu na fedha nyingi wakijisugua mafuta ya nazi, mafuta ya zeituni au siagi ya kakao. Ngozi inapotanuka upesi kuliko inavyoweza kujijenga, kama inavyotokea katika ujauzito, wakati wa kubalehe au mtu anaponenepa kwa muda mfupi, nyuzi za kolajeni na elastini, yaani protini zinazoipa ngozi uimara na mnyumbuko, zilizomo katika tabaka la kati hukatika, na mwili hulijaza pengo hilo kwa kovu. Homoni na urithi vina mchango wake, ndiyo maana binti ambaye mamake alipata michirizi huwa karibu zaidi kuipata. Mafuta ya zeituni na siagi ya kakao yamejaribiwa kitaalamu kwa wajawazito na hayakuonekana kuizuia. Hayana madhara, hulainisha ngozi na kutuliza mwasho wa tumbo linalokua, na bi harusi simkatazi kusuguliwa kwa singo wala kupakwa liwa. Kazi yake, hata hivyo, huishia juu.

Jambo la kwanza ninaloliangalia ni umri wa michirizi yenyewe. Iliyo michanga huwa myekundu kwa mtu mweupe, na kwa ngozi zetu huonekana ya zambarau au nyeusi kuliko ngozi inayoizunguka. Bado ina damu na uvimbe ndani yake, na kwa hiyo husikia dawa. Ikishakaa miezi mingi hupauka na kunywea, na hapo tunachoweza ni kuipunguza upana na kina, si kuifuta. Tretinoini, dawa ya kupaka inayotokana na vitamini A, huisaidia michirizi michanga, lakini haitumiwi wakati wa mimba, na mama anayenyonyesha mimi humshauri asubiri. Hapa ndipo penye ugumu, kwa kuwa kipindi ambacho dawa ingefaa zaidi ndicho kipindi ambacho mama hawezi kuitumia.

Kwa sababu hiyo, mara nyingi ninaelekea kwenye sindano ndogo ndogo, yaani kifaa kinachotoboa ngozi ya tumbo kwa kina cha milimita 1.5 hadi 2.5 ili mwili ushtuke na kutengeneza kolajeni mpya, kisha tunarudia kila baada ya wiki nne hadi sita. Sindano hazichomi kwa joto, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kwa mtu mweusi. Leza ya kaboni dayoksidi, mashine ya mwanga mkali wenye mawimbi ya nanomita 10,600, hufanya kazi kwa kuyachemsha maji yaliyo ndani ya ngozi, na joto hilo huweza kuziamsha chembe zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, zikaacha weusi unaodumu kwa miezi na kuudhi kuliko michirizi yenyewe. Siikatai leza, lakini huitumia kwa nguvu ndogo, na kwanza huijaribu mahali padogo panapofichika na kusubiri wiki kadhaa. Anayeahidi kuondoa michirizi ya zamani kwa siku moja na mashine kali, kwa ngozi kama zetu, mimi nisingempelekea ndugu yangu.

Kuna michirizi ambayo haikuletwa na uzazi wala unene, nayo ndiyo inayonikera zaidi. Msichana akija na mistari mipana kwapani na kwenye mapaja ya ndani, swali langu la kwanza huwa juu ya mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua huchanganywa na klobetasoli, mojawapo ya dawa kali kabisa za jamii ya steroidi, ambayo daktari huitoa kwa muda mfupi tu kwa maradhi maalumu. Ikipakwa mwili mzima kwa miezi, huikondesha ngozi mpaka ikapasuka yenyewe. Michirizi hiyo haiondoki. Na asiyetumia krimu yoyote, lakini ana mistari mipana ya zambarau pamoja na uso wa mviringo na shinikizo la damu, mimi humpeleka kupimwa kotisoli, homoni ya mwili ya jamii ya steroidi, kabla ya kuzungumzia urembo.

Makunyanzi ni habari nyingine. Yale ya katikati ya nyusi na pembeni mwa macho huletwa na misuli inayojikunja, na dawa yake ni sumu ya botulini, maarufu kwa jina la botoksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa mikunjo ya katikati ya nyusi. Huuzuia mshipa wa fahamu usiutume msuli kujikaza. Matokeo huanza baada ya siku chache na kudumu miezi mitatu au minne. Mashimo ya pembeni mwa mdomo hujazwa kwa sindano ya kijazo kiitwacho asidi ya hayaluroniki. Wengi huniuliza kama imetokana na nguruwe: zinazotumika sana leo hutengenezwa kwa kuchachusha bakteria. Kama kubadilisha sura kunajuzu au hakujuzu, hilo ninawaachia mashehe. Langu ni kuonya kwamba kijazo kikiingia katika mshipa wa damu kinaweza kuua ngozi au kupofusha jicho, kwa hiyo si kazi ya saluni.

Makunyanzi mengi yaliyobaki ni ya jua. Miale ya UVA, aina moja ya miale ya jua isiyoonekana, hupenya mawinguni na katika vioo vya dirisha, ikafika tabaka la kati na kuimeng'enya kolajeni. Melanini ya ngozi nyeusi hukadiriwa kuwa na kinga ya SPF 13 hivi (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua), ilhali ya ngozi nyeupe ni kama 3. Ndiyo maana Mwitaliano aliyehamia hapa huonyesha uzee wa jua mapema kuliko jirani yake Mswahili. Kinga hiyo haitoshi kwa mvuvi anayeshinda baharini, na shingo yake huonyesha wazi. Ninashauri SPF 30 au zaidi, na kwa wenye madoa, ile yenye rangi ya oksidi ya chuma, kwa sababu huzuia pia mwanga wa kawaida unaoongeza weusi, na haiachi weupe kama wa chokaa usoni.

Malindi iko takriban digrii tatu kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mwezi Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Matibabu yanayochubua ngozi, kama leza na asidi za usoni, hupenda kuyafanya wakati wa kusi, miezi ya Juni na Julai. Anayefunga ndoa Desemba na aje wakati huo. Anayekuja wiki mbili kabla ya harusi nitampa botoksi akiitaka, pamoja na mafuta ya kukinga jua, na leza atanisamehe mpaka baada ya fungate.