Je, wajua kwa nini mwanafizikia anaweza kuhangaika na atomu moja maisha yake yote?

Kuna Mjerumani mmoja anaitwa Theodor Hänsch, kazaliwa Heidelberg mwaka 1941, sehemu kubwa ya kazi yake imezunguka atomu ya haidrojeni tu, yaani protoni moja na elektroni moja, basi. Na Nobel ya fizikia ya 2005 kagawana na wenzake wawili. Sasa hivi unapima kitu kidogo vile miaka yote hiyo, unatafuta nini?

Anachotafuta kiko kwenye huo huo urahisi wa haidrojeni. Atomu zingine zina elektroni kibao zinasukumana, ukipiga hesabu unaishia kukadiria. Haidrojeni inakokotoleka mpaka tarakimu nyingi sana, kwa hiyo ukiipima namba zikakataa, ama umekosea kupima ama fizikia yenyewe ina tobo. Na ilishatokea, 1947 Willis Lamb na Robert Retherford walikuta ngazi mbili za nishati ambazo nadharia ya elektroni ya mwanafizikia Paul Dirac ilisema ziko sawa kumbe zimepishana kidogo, na kuuelezea huo upishano ndo kulikosukuma mbele elektrodinamika ya kwantamu, yaani nadharia ya jinsi mwanga na elektroni vinavyoathiriana.

Lamb alitumia mikrowevu. Kuuona upishano huo kwa mwanga unaoonekana ilikuwa balaa, kwa sababu atomu za gesi hazitulii, zinakimbia kilomita kama mbili kwa sekunde, hii inakuja ile inaondoka, kila moja inaupokea mwanga kwa frikwensi tofauti kidogo, mwisho wa siku mstari, yaani ile rangi moja ya mwanga ambayo atomu inaipokea, unavimba na kufunika kila kitu. Hänsch alienda Stanford 1970 kufanya kazi na Arthur Schawlow, akatengeneza leza inayotumia kimiminika chenye rangi, ambayo frikwensi yake unaisogeza taratibu, alafu akapitisha miale miwili kwenye gesi kutoka pande zinazotazamana. Mmoja una nguvu, unazishibisha atomu mpaka haziwezi kumeza mwanga zaidi, wa pili dhaifu unapita kukagua, na zinazoguswa na yote miwili kwa pamoja ni zile tu ambazo haziendi huku wala kule. 1972 mstari mwekundu wa haidrojeni, ule wa nanomita 656, ukaachana vizuri na upishano wa Lamb ukaonekana humo ndani.

(Utani nao ulikuwepo. Schawlow alileta jeli za kula, ladha 12, wakazimulika kwa leza waone kama nazo zitageuka leza, hamna hata moja iliyokubali, mpaka walipopika jelatini yao wakaitia rangi ya floresini.)

Baada ya hapo shida ikawa kuhesabu. Mwanga unatetema mamia ya trilioni kwa sekunde, kaunta za elektroniki zinaishia kwenye mabilioni, na zamani kuunganisha hizo dunia mbili ilibidi ujaze chumba kizima mnyororo wa leza kwa ajili ya frikwensi moja tu. Mwishoni mwa miaka ya 90 Hänsch, ambaye alisharudi Ujerumani na yuko Garching karibu na Munich, na John Hall kule Boulder Marekani, wakaja na njia ya kutumia leza inayotoa vipigo vifupi mno kwa mwendo usioyumba. Ukiuchambua mwanga wake unakuta mistari maelfu kwa maelfu imepangana kwa nafasi sawa kama meno ya chanuo. Nafasi ya jino na jino ni idadi ya vipigo kwa sekunde, hiyo kaunta inaimudu, na ukishajua meno yanaanzia wapi basi kila jino lina namba yake. Unaleta mwanga wako unaangalia umeangukia jirani na jino lipi. Binafsi naona hii ndo akili kubwa kuliko zote alizofanya.

2011 timu ya Garching ikatoa frikwensi ya haidrojeni kutoka ngazi ya chini kabisa ya nishati (1S) kwenda ya juu yake (2S): 2,466,061,413,187,035 kwa sekunde, shaka ni 10 tu.

Na namba za hivyo zinachokonoa mambo kweli. 2010 timu iliyokuwa Uswisi, Hänsch akiwemo, ilitoa elektroni ikaweka myuoni, chembe kama elektroni ila ni nzito karibu mara 200 na inazunguka karibu sana na protoni, ikapata nusu kipenyo cha protoni ni femtomita 0.84 (femtomita moja ni milimita ukiigawa kwa trilioni) wakati watu wote walikuwa wanatumia 0.88. Ubishi ukawa wa miaka. Garching wakarudi kwenye haidrojeni ya kawaida 2017, wakapata ndogo, Paris 2018 wakapata kubwa, Kanada 2019 ndogo tena, na thamani rasmi inayotumika sasa ni 0.84.