Mchuzi wa Jicho Jekundu: Ukoko wa Nyama na Kahawa Nyeusi

Kusini mwa Marekani, kuanzia Virginia na Kentucky hadi Tennessee na Georgia, kuna mchuzi wa asubuhi usiotiwa unga, maziwa wala kitunguu. Unatokana na mafuta na ukoko vinavyobaki kikaangoni baada ya kukaanga paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, kisha unamiminiwa kahawa nyeusi. Wenyewe wanauita mchuzi wa jicho jekundu. Wengi wanaoushindwa hawakosei kwenye kahawa. Wamekosea tangu buchani.

Paja linalofaa hupakwa chumvi kavu, na wengine huongeza sukari na shura kidogo, aina ya chumvi ya kuhifadhia nyama. Zamani nguruwe alichinjwa majira ya baridi, maana chumvi huchukua wiki kadhaa kupenya hadi mfupani na nyama isingestahimili joto muda wote huo. Baada ya hapo paja huoshwa, likatundikwa, pengine likafukizwa moshi, na joto la kiangazi likalikoleza ladha. Kanuni za serikali ya Marekani zinataka paja la namna hii lipoteze angalau asilimia 18 ya uzito wake wa awali na ndani liwe na chumvi isiyopungua asilimia 4. Kwa mpishi maana yake ni hii: maji yamepungua sana, hivyo nyama ikigusa chuma inakaangika na kuacha ukoko. Paja laini la dukani, lile lililodungwa maji ya chumvi, linatoa maji na kuchemka humo humo. Kikaango kinabaki kisafi, na ukimimina kahawa utapata kahawa yenye mafuta tu.

Ukinunua paja zima ukalikuta na ukungu juu, usilitupe. Lisugue kwa brashi na maji ya vuguvugu. Vidoa vyeupe vigumu ndani ya nyama navyo ni kawaida kwa paja lililokaa muda mrefu.

Kata vipande viwili vyenye unene wa milimita 6 hivi. Viloweke kwenye maji nusu saa kupunguza chumvi, kisha vifute vikauke kabisa, la sivyo mafuta yatakurukia. Chanja ukingo wa mafuta kila baada ya sentimita 3. Ukingo hunywea haraka kuliko nyama, na usipochanjwa kipande kinajikunja kama bakuli, katikati pasiguse chuma. Tumia kikaango kizito cha chuma. Kile kisichogandisha hakifai hapa, maana kugandisha ndiko tunakotaka. Weka kijiko kimoja cha mafuta ya nguruwe, moto wa wastani, kaanga dakika 2 hadi 3 kila upande, utoe. Ukizidisha, nyama inakuwa ngumu kama ngozi.

Sasa tazama chini ya kikaango. Ukoko wa rangi ya kahawia unaonukia nyama ndio mchuzi wako. Ukiwa mweusi na moshi unawasha pua, mwaga uanze upya, kwa sababu kahawa itauongezea uchungu juu ya uchungu. Ukiwa mzuri, mimina mililita 120 za kahawa na kiasi hicho hicho cha maji, huku ukikwangua kwa mwiko wa mbao. Acha uchemke hadi ubaki nusu. Usipitilize hapo: maji yakiondoka chumvi haiondoki. Usiongeze chumvi hata chembe. Kahawa ikiwa kali mno, weka sukari guru kidogo, ncha ya kijiko.

Mchuzi huu haushikani, na usijaribu kuushikanisha kwa unga. Mafuta yanaelea juu na kahawa inakaa chini, ndipo linapoonekana duara lenye wekundu kama jicho. Kuhusu asili ya jina, kuna kisa maarufu cha Andrew Jackson, rais wa Marekani kuanzia 1829 hadi 1837, eti alimwagiza mpishi mlevi alete mchuzi mwekundu kama macho ya mpishi huyo. Mimi naliamini zaidi lile duara, maana kila anayepika analiona.

Waliokulia kwenye mchuzi huu hubishana sana, na wote wana haki. Nyumba nyingi zilitumia kahawa iliyobaki kwenye birika, na nyingine zilitumia maji matupu. Kwa hiyo anayetaka kurudisha ladha ya jiko la bibi yake asiulizie vipimo. Aulize nyama ililowekwa au la, kahawa ilikuwa iliyotoka kupikwa au ya kupasha, na kikaango kilikuwa cha chuma gani. Majibu hayo yanabadilisha ladha kuliko kijiko kimoja zaidi cha chochote.

Huliwa na skonzi za moto au uji mzito wa chenga za mahindi. Bonyeza shimo katikati ya uji, kisha zamisha kijiko hadi chini ya mchuzi kabla ya kuteka, ili shimo lipate mafuta na kahawa kwa pamoja.