Botoneki: kwa nini kadi mpya haikuongeza kasi ya gemu

Chukua kompyuta ya ofisini iliyostaafu, zile Dell OptiPlex 7010 zinazouzwa mitumba, yenye prosesa ya Core i5-3470 ya mwaka 2012. Kijana amejibana miezi kadhaa, akanunua kadi ya grafiki yenye nguvu, akaichomeka. Gemu inafunguka, picha inang'aa, lakini akiingia katikati ya mji wenye watu na magari, mwendo ni ule ule wa kukwamakwama. Anahisi kauziwa kadi mbovu. Kadi ni nzima. Alichokutana nacho ni botoneki: sehemu moja ya mashine inayoachwa nyuma na wenzake, mpaka kasi yake inakuwa ndiyo kasi ya mashine nzima.

Fikiria watu wawili jikoni, mmoja anasukuma chapati na mwingine anachoma. Msukumaji akitoa moja kila dakika, hata umletee mchomaji jiko lenye moto mkali namna gani, kwa saa mtapata chapati 60 basi. Ndani ya kompyuta, prosesa ndiyo inayosukuma: inakokotoa nani yuko wapi, gari linaelekea wapi, risasi imempata nani, kisha inakabidhi maagizo ya kuchora. Kadi inachoma, yaani inayageuza maagizo hayo kuwa picha. Wakati kadi inachora fremu hii, yaani picha moja kati ya nyingi zinazopita kwa sekunde, prosesa imeshaanza kuandaa inayofuata.

Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu imepewa milisekunde 16.7 tu. Kadi ikimaliza kwa 7 lakini prosesa ikahitaji 25, utapata fremu 40, na kadi uliyoilipia pesa nyingi itakaa bure zaidi ya theluthi mbili ya muda wake. Mjini ndiko hali inakuwa mbaya kwa sababu kila mpita njia ni hesabu nyingine kwa prosesa.

Botoneki haiishi, inahama tu. Ukiweka prosesa kali, kadi ndiyo itakayobaki nyuma, na kwa gemu hapo ndipo mahali pazuri pa kuiacha: ukipunguza vivuli au rezolusheni (wingi wa nukta za picha), kadi inapumua. Prosesa iliyoelemewa haina dawa rahisi namna hiyo. Ndiyo maana siviamini vikokotoo vya mtandaoni vinavyokutajia botoneki kwa namba moja tu kavu ya asilimia, ilhali mashine hiyo hiyo inaweza kubanwa na prosesa kwenye gemu moja na kubanwa na kadi kwenye nyingine.

Kujua nani anakuchelewesha hakuhitaji fundi. Zima V-Sync (mpangilio unaofunga fremu zifuate mwendo wa skrini) na kikomo chochote cha fremu, cheza pale panapokwama, kisha shusha rezolusheni kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zikipanda, kadi ndiyo iliyokuwa imechoka. Zikibaki pale pale, ni prosesa. Programu kama MSI Afterburner itakuonyesha pia: kadi inayosoma asilimia 97 au 99 inafanya kazi yake yote. Usidanganywe na prosesa inayosoma 60, kwa sababu gemu nyingi huegemea kiini kimoja au viwili kati ya viini vinavyofanya kazi ndani ya prosesa, navyo vinaweza kuwa vimejaa wakati vingine vimepumzika.

Sasa, ikiwa ni prosesa, swali linahamia kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa. Ile OptiPlex haitapanda mbali: utaweka Core i7-3770, ya mwaka ule ule, yenye nyuzi 8 (njia za kazi zinazokwenda kwa pamoja) badala ya 4, na hapo umefika karibu na mwisho. Zaidi ya hapo ni mazabodi mpya na RAM (kumbukumbu ya kazi) mpya, maana RAM ya zamani ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Aliyenunua mashine ya AM4, aina ya soketi ya prosesa za AMD, mwaka 2017 na Ryzen 5 1600 ana bahati zaidi. Mazabodi nyingi za wakati huo, baada ya kusasishiwa BIOS (programu ya msingi ya mazabodi), hupokea Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022.

RAM isisahaulike. Kipande kimoja cha GB 8 kinaibana prosesa kimyakimya, kwa kuwa data inapita njia moja badala ya mbili, na kuongeza cha pili kinachofanana nacho ni bei ndogo kuliko yote niliyotaja. SSD, yaani diski ya kasi, nayo ni tamu, gemu itafunguka upesi, lakini fremu za pale mjini zitabaki zile zile 40.