"Fundi, kivuli chenyewe kidogo tu"

Wiki hii nimeisikia mara tatu. Mteja analalamika betri haijai, napanda kwenye paa, nakuta tawi la mwembe limetupa kivuli pembeni mwa paneli ya sola. "Fundi, kivuli chenyewe kidogo tu." Kwa hesabu yake, kivuli kikifunika sehemu ya mia, umeme unapungua sehemu ya mia.

Sivyo hata kidogo. Paneli ya kuchaji betri ya volti 12 kwa kawaida ina seli 36 (vile vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme) zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja ikitoa nusu volti hivi. Mkondo wa seli hufuata mwanga unaoipiga, na kwa kuwa seli zote ziko kwenye mstari mmoja, mkondo ule ule lazima upite kwa zote. Ni kama mpira wa maji: ukiukanyaga mahali pamoja, bombani kuna maji tele, mwishoni yanadondoka. Funika nusu ya seli moja kwa kadibodi, uangalie amita, kipimo cha mkondo: ampea 5 zinateremka kuelekea mbili na nusu. Hapo umeziba sehemu 1 tu kati ya 72!

Waliosoma kidogo hunijibu, "Si kuna dayodi?" Hivyo ni vifaa vidogo vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Zipo, mara nyingi mbili, kila moja na seli zake 18. Kazi yake ni kuupitisha mkondo pembeni, maana seli iliyo gizani hula umeme wa wenzake na kuungua hadi iwe na madoa ya kahawia. Lakini dayodi ikishapitisha, nusu iliyobaki inatoa volti 9 hivi. Betri ya 12 utaichajije kwa 9?

Na usinionyeshe mita inayosoma volti 20 waya zikiwa hazijaunganishwa. Volti za bila mzigo hazishtuki sana kwa kivuli. Pima ampea zinazoingia kwenye betri saa sita mchana, kisha upime tena kivuli kikifika.

Eti joto ndilo linaloleta umeme? Ni mwanga. Silikoni, ile mali ya kutengenezea seli, hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi juu ya 25, kwa hiyo usiilaze paneli juu ya bati. Acha upana wa kiganja hewa ipite.

Mawingu nayo hayazimi paneli. Yanazipunguzia seli zote sawasawa, ndiyo maana siku ya wingu jepesi betri yako inachaji kuliko siku ya jua kali chini ya mwembe. Kata tawi. Kama mwembe ni wa jirani, hamisha paneli.